Bonde la Viziwi

"Piga randa upande wa nje tu, baba," shangazi alikuwa amemwambia. "Wa ndani nani atauona?"

Lakini seremala hakuzoea kulipua kazi. Aliugeuza ule mlango wa ghala, akapuliza vumbi, akaona mikwaruzo.

Ilikuwa ya kucha. Ilianza usawa wa kifua, ikashuka mpaka chini kabisa, na hapo chini, kwa herufi zilizokwenda kombo, palikuwa na neno moja: Kiduchu.

Mtu mmoja tu duniani aliwahi kumwita hivyo. Ni mama yake, ambaye shangazi alishikilia kwamba alitoroka na mwanamume, akamwacha yeye ana miaka minne.

Na komeo la mlango lilikuwa kwa nje.

Nyumba za jirani hazikufika hatua kumi kutoka ghalani. Bonde lao watu wa mlimani waliliita Bonde la Viziwi, na shangazi ndiye aliyemfundisha sababu: eti ngurumo za maporomoko ziliziba masikio ya mababu. Hadithi hiyo seremala naye aliwapa hata wanawe, kwa majigambo. Maporomoko yenyewe ni kijito ambacho mbuzi hukivuka bila kulowa magoti!

Randa ilikuwa imenyamaza. Shangazi akaita kutoka jikoni, "Mbona umeacha?" Kisha akatoka.

"Shangazi, mama alifungiwa humu?"

Aliutazama mlango uliogeuzwa. Taratibu, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Unasemaje, baba? Siku hizi sisikii vizuri."