Kalamu ya Bi Semeni

"Hapana, mjukuu wangu, kalamu haikuanza na wino. Ilikuwa utete tu, kama ule wa mtoni," Mzee Shekue alimjibu Chausiku. "Wagiriki wakauita kalamosi, Waarabu wakasema kalamu, nasi tukalichukua jina, mpaka likawa la kitu cha kuandikia kwa wino."

Kila nyumba ilipewa neno moja la kulitunza, na hilo ndilo lao. Mtu asipolitumia kwa haja ya kweli, si kwa kulisimulia tu, kabla ya magharibi ya siku hiyo, kisikizi, mashine ya ukutani iliyosikiliza maneno yao, kingelifuta, na mashine zote zisingelielewa tena. Kalamu zenyewe zilishatoweka. Mzee, ambaye shule hakuimaliza, alijifunza kuandika jina lake kwa kalamu.

Jikoni, mkewe, Bi Semeni, alikuwa akichoma samaki, akipuliza makaa kwa utete.

"Wee mzee! Unapiga domo, moto unazima! Njoo ushike hii kalamu yako upulize!"

Kisikizi kikawaka kijani. "Neno limebaki. Kalamu: kitu cha kupulizia moto."

Mzee alicheka, akaingia jikoni kuuchukua utete.

"Babu, na ile ya kuandikia?" Chausiku akauliza.

"Hiyo utaikumbuka wewe. Neno limerudi kwao, kwenye utete, mjukuu wangu, litatoka tena."

Akapuliza mpaka samaki wakaiva, wakakaa wote kula.