Kabla ya Chai

Ubao wa kumi na nne wa sakafu ya jikoni uling'oka kwa kishindo, na Merv Hocking akachungulia chini yake kwa tochi. Panya mmoja alimtazama, akaona hana jipya, akaenda zake.

"Hakipo," alisema Merv.

"Si nilikwambia hakipo?" Nola, mkewe, alikuwa akikaanga soseji huku amesimama kwenye kipande cha sakafu kilichobaki. "Juzi dari, jana ukuta. Kesho utanipasua mimi uangalie tumboni. Bomba linavuja, banda la kuku halina paa, komeo la choo linaning'ang'ania sweta kila nikitoka, na wewe kazi yako kubomoa tu!"

Kilichotafutwa ni chuma cha kukokia, cha urefu wa shibiri moja, chenye mkono uliopinda, cha bunduki aliyoachiwa Merv na marehemu baba yake. Ilikuwa bunduki ya sungura ya zamani, ya zile risasi ndogo zinazopigwa ukingoni badala ya katikati, na mtutu wake uligongwa namba 4417. Merv alikuwa ameihangaikia miaka miwili. Kutu aliitoa taratibu kama anayemsugua mtoto mgongo, na kitako alikipaka mafuta ya kitani mpaka akajiona uso. Lakini bila chuma chake chenye namba hiyohiyo, ilikuwa fimbo ya kutembelea tu.

Wakulima wa pale Kurrabin wote walikuwa na desturi moja: bunduki huku, chuma chake kule, watoto wasije wakauana. Mzee Alf, baba yake Merv, alikificha chake hata watoto walipoota mvi. Ukimuuliza, anacheka. "Mbona nakishika kila siku kabla ya chai!" Akafa nacho moyoni, mzee yule, na Merv alikuwa bado hajamsamehe.

Kabla ya chai. Merv alikwisha kupekua kitanda cha mzee, kabati lake, hata soli za buti zake. Sasa ilikuwa zamu ya jikoni.

Maonyesho ya klabu ya bunduki za kale yalikuwa Jumamosi, na meza ya heshima haipokei bunduki pungufu. Merv aliapa mbele ya kaburi kwamba ya mzee itakaa pale. Nola naye aliapa mbele ya soseji: kisipopatikana hadi Alhamisi mchana, bunduki iondoke na sakafu irudi.

Alhamisi yenyewe ndiyo hiyo, na mnunuzi, Kel Brandis, alikuwa ameshapiga honi uani.

Kel alikuwa na leseni ya biashara ya bunduki, tumbo kubwa na moyo mdogo. Aliruka mashimo ya sakafu, akaketi, akanywa vikombe vitatu vya chai bila kukaribishwa cha pili.

"Nakuonea huruma, mzee mwenzangu," alisema. "Nitakupa kopo la skrubu."

"Skrubu! Hii ni ya baba yangu, Kel."

"Baba yako angekuwa na akili angekwambia chuma kiko wapi. Bila chuma, hii mimi nitapigia nyoka. Kopo la skrubu, na nakuongezea kopo lenyewe."

Merv aliikumbatia ile bunduki. Aliona aibu kwamba analia kwa ajili ya fimbo, na akazidi kulia.

"Basi fikiria," Kel alisema, akijishika tumbo. "Chai yenu hii! Choo kiko wapi?"

"Uani, nyuma ya banda la kuku. Alikijenga baba."

Kel alikaa huko muda mrefu. Nola alimaliza soseji, akaosha kikaango, akasema pengine mtu kafa. Mara wakamwona anarudi, mbiombio, jasho linamtoka, mkono mmoja mfukoni.

"Merv, ndugu yangu!" Sauti ilikuwa imelainika. "Nimekaa mle nimewaza. Mimi ni mtu mbaya."

"Ni kweli," alisema Nola.

"Nitakupa ile yangu ya mtutu wa pembe nane. Ya mwaka 1908. Nzima, namba moja mwili mzima. Iko kwenye gari."

Merv alishika ukingo wa meza. Bunduki ile Kel alikuwa akiitambia kwa miaka kumi na mbili, na hata kuigusa hakumruhusu mtu. "Kwa hii? Kwa nini?"

"Kwa heshima ya Mzee Alf," alisema Kel, na machozi yakamlengalenga kwelikweli.

Merv alijiona mdogo. Kumbe miaka yote hii alimsema vibaya mtu mwenye utu! Walijaza karatasi za leseni palepale. Kel aliweka saini haraka hata kalamu ikatoboa karatasi, na Merv akaona kidole chake gumba kina vipande vya rangi ya kijani chini ya ukucha. Akamwonea huruma. Mlango wa choo kile uliwachafua wengi.

Wakakumbatiana. Kel aliondoka na bunduki ya mzee, akapita geti kwa kasi hata kuku wakatawanyika, huku akiimba.

"Binadamu hubadilika, Nola," alisema Merv kwa sauti inayotetemeka.

Lakini Nola alikuwa ameshatoka. Merv alijimiminia chai, akauweka mtutu wa pembe nane magotini, akainua kikombe.

"We Merv!" Sauti ya Nola ilitoka uani, kali. "Huyo rafiki yako ana wazimu? Kaling'oa komeo la choo! Lile la kijani alilolifunga baba yako! Nazuia mlango kwa mguu hapa. Hebu niletee chuma chochote kilichopinda!"