Sahihi ya Subilaga

Afisa kazi aliusoma mkataba, akamgeukia Subilaga, mfuaji wa shuka katika nyumba ya wageni pale Tukuyu.

"Dada, hii sahihi ni yako?"

Bosi wake alimkazia macho. Subilaga alificha mikono nyuma, vidole vimechanika kwa sabuni na maji baridi. Nyumbani mwanawe alikuwa na homa, siku ya tatu sasa.

"Ni yangu, baba. Nilikubali kwa shida."

"Hata ukikubali, sheria haikubali. Hakuna sahihi inayoshusha kima cha chini cha mshahara."

Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo.

"Basi andika," alisema Subilaga. "Miaka minne nalipwa elfu sitini kwa mwezi."

Bosi alinyoosha mkono. "Funguo za stoo. Kesho usije."

Subilaga alizifungua kwenye pindo la kanga, akaziweka mezani.