Birika la Zulea

Wiki yake ya mwisho ya kazi mgahawani, Zulea aliwekwa kando ya mashine ya kuagizia chakula iliyochukua nafasi yake, awafundishe wateja kubonyeza. Birika lake la kunawishia lilikuwa limeshatupwa stoo.

“Bonyeza ugali, mzee. Lo! Hiyo ni soda tena!”

Mzee Mbelwa alikuwa ameshaagiza soda sita. Ugali wake ulipotoka jikoni hatimaye, alikunja mikono ya shati, akanyoosha viganja mbele ya mashine, akasubiri.

“Mwambie huyu mwenzako aninawishe,” alifoka. “Ugali unapoa!”

“Mzee, huyo hana mikono!”

“Sasa mmemwajiri wa nini?”

Meneja alikohoa. Zulea alimpita bila kumtazama. Alipotoka stoo na birika na beseni, ukumbi mzima ulikuwa umemnyooshea mikono.