Ngumi za Muhula

Katika jimbo lile, shule ziliendeshwa kwa viingilio vya ulingoni. Kila muhula wazazi wawili walizichapa hadharani kwa ajili ya shule yao, na damu isipotoka, watazamaji walirudishiwa pesa na mwalimu mmoja akaondolewa.

Mwaka huu kura iliwaangukia Mghoi na jirani yake, Mama Saru. Muhula wa kwanza walipapasana tu, shule ikapoteza mwalimu wa sayansi. Muhula wa pili, walipokuwa wakipakana mafuta usoni kama ilivyo desturi, Mama Saru alinong'ona, "Shoga, leo usinionee huruma. Watoto wetu watabaki wajinga."

Mghoi hakumwonea huruma. Alimvunja pua kwa ngumi ya kwanza, akamwandama hadi kwenye kamba huku umati ukinguruma. Mama Saru, haoni kwa damu, akavurumisha konde lililomtegua Mghoi taya. Walitolewa kwa machela, wameshikana mikono.

Wiki iliyofuata Wakesho, binti wa Mghoi, alirudi kutoka shule mbio. Akamlowekea mama yake mkate kwenye chai, maana hakuweza kutafuna.

"Mama, mwalimu wa sayansi karudi! Leo katufundisha fuvu." Akamgusa panjani, pembeni mwa jicho. "Hapa mfupa ni mwembamba. Mtu akipigwa hapa sawasawa, haamki. Muhula ujao umpige hapa."

Mghoi alisukuma kikombe. "Saru alikuwepo darasani?"

"Alikuwepo, tunakaa dawati moja. Yeye alimwomba mwalimu aonyeshe tena."