Vipepeo wa Nyuma ya Ghala

"Andika: wa njano, wawili," mzee alisema, akinyoosha kidole kwenye uzio.

Mkewe akatazama. Kwenye uzio palikuwa na mfuko wa plastiki ulionasa, ukipepea kwa upepo. Akaandika: wa njano, wawili.

Uso ulimchoma kama wa mwizi aliyefumaniwa. Kila Jumamosi, tangu baridi ilipoisha na maua kuanza kuchanua, alimshika mumewe mkono wakaja kwenye uwanja huu nyuma ya ghala, kukihesabia vipepeo kikundi chao cha kujitolea. Mzee anataja, mke anaandika. Na nusu ya anavyovitaja mzee ni majani makavu na maganda ya pipi.

Macho ya mzee yalianza kuharibika muda mfupi baada ya kumzika binti yao wa pekee. Majirani walisema ni kilio kilichoyala. Kwanza alimimina chai nje ya kikombe. Kisha akawa anapapasa ukuta akitafuta mlango. Mkewe alipomtajia daktari, alikuja juu.

"Macho ni yangu, yaache yazeeke na mwenyewe! Wewe nipeleke tu kwa vipepeo wangu."

Angemnyima nini, maskini? Alifuta ukungu kwenye viatu vyake mwenyewe vya kutokea, akampeleka.

"Pita huku," mzee alimvuta ghafla pembeni.

Mkewe akatazama chini. Nusura atumbukie shimoni. Miguu ya mzee imeshaijua njia, akawaza.

"Na yule mweusi, pale kwenye kokoto? Umemwona?"

"Nimemwona, mume wangu."

Kilikuwa kizibo cha soda.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye angeificha hii mpaka kaburini. Lakini kwenye mkutano wa kikundi, katibu alisimama akatangaza kwamba manispaa inataka kuugeuza uwanja ule maegesho ya malori. Jumatatu wangekwenda kuutetea mbele ya madiwani, na silaha yao ilikuwa moja tu: hesabu ya vipepeo.

"Tegemeo letu ni huyu mzee wetu," katibu alisema.

Watu wakapiga makofi. Mzee akatabasamu, uso ameuelekeza ukutani. Mkewe akainamisha kichwa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Akilini aliwaona wenzake wakizomewa mbele ya madiwani kwa ajili ya mifuko ya plastiki aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake alimwacha mzee kitini akisinzia, akaenda peke yake hadi kwenye duka la dawa alikofanya kazi katibu.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno, na naona haya hata kulitamka."

Alingoja mteja atoke. Machozi yakayatangulia maneno.

"Msiende na hesabu zetu. Mume wangu haoni. Anataja takataka, nami naziandika vipepeo. Mara ngapi nimetaka kumwambia, nikashindwa kumvunjia heshima! Mbele yenu wote nilikaa nikapigiwa makofi. Nisameheni."

Katibu aliweka chini kopo la dawa alilokuwa ameshika. Alimtazama kama mtu anayepima iwapo atavunja kiapo.

"Mama, karatasi zenu hatujawahi kuzitumia."

"Kumbe mlijua?" Aibu ikamrudia upya, nzito kuliko ya kwanza.

"Hesabu zetu anazileta mzee mwenyewe. Ukishajilaza mchana, hurudi kule peke yake. Juzi alimwona kipepeo mdogo kuliko ukucha, sisi wenye miwani tukampita."

Mama aliishika kaunta. "Haoni," alisema tena, lakini sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

"Alituapisha tusikwambie. Alisema baada ya msiba ulijifungia chumbani, hukutaka hata dirisha lifunguliwe. Akasema: 'Nikiwa mzima, hatoki. Nikiwa kipofu, hatakubali nitoke peke yangu.'"