Konokono wa Chinatsu

Jumapili, tarehe 22 Novemba 1998, saa nne asubuhi, Bi Orie Kuwabara alisimama kwenye ghorofa ya sita ya duka kubwa mjini Nagaoka, ameukumbatia mkoba wake, wala hakuthubutu kumtazama binti yake machoni.

Chinatsu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameingia fainali ya mchezo wa vizimwi, ule wa mashine ndogo za mkononi, ambamo mtoto hukamata vizimwi, huwalea, kisha huunganisha waya na kuwapiganisha na wa mwenzake. Mshindi angelipiwa nauli ya treni, yeye na mzazi mmoja, hadi mashindano ya Tokyo. Huko ndiko baba yake alikohamishiwa kikazi, na tangu Agosti hawakuwa wamemwona.

Karibu watoto wote walitumia joka, kwa kuwa lilikuwa na nguvu kuliko vizimwi wengine. Lakini Jumatatu, walipokuwa wakiosha vyombo, Chinatsu alimnong'oneza mama yake kwamba yeye angeleta konokono.

"Anawalaza usingizi, halafu anawatia sumu kidogo kidogo. Joka halifui dafu. Ila usimwambie mtu, Mama."

Kesho yake, kwenye bafu la mtaa ambamo wanawake huoga pamoja, Bi Orie akiwa ndani ya maji ya moto hadi shingoni, Mama Tetsurō, ambaye mwanawe naye angeshindana Jumapili, alijigamba sana kuhusu joka la mtoto huyo. Ulimi ukamponyoka Bi Orie.

"Mama Tetsurō, joka lenu litakoroma tu mbele ya konokono wetu."

Wakacheka pamoja. Alipokuwa akirudi nyumbani, kicheko kilikuwa kimekwisha. Kwa siku tano, kila alipomwona mtoto ameinamia mashine yake, alijifanya ana kazi jikoni.

Sasa Tetsurō alikuwa ameketi upande wa pili wa meza.

"Vipi, Kuwabara, konokono wako kaamka? Leo tunamtia kwenye supu."

Kwenye skrini hakutoa joka. Alitoa bundi, kizimwi asiyeshikwa na usingizi, na nyuma yake wakangoja bundi wengine wawili, maana kila mchezaji aliruhusiwa vizimwi watatu tu. Bi Orie akainama sikioni mwa binti yake.

"Mwanangu, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia mama yake."

"Lini?"

"Jumanne. Bafuni."

Chinatsu akabonyeza kitufe.

Akatokea kambare wa umeme. Joka lingemmaliza kwa pigo moja, ndiyo maana hapakuwa na mtoto mwingine aliyemleta. Lakini ndege hawahimili umeme. Bundi wa kwanza akaanguka, akafuata wa pili, na wa tatu hakuwahi hata kukunjua mbawa.

"Na joka langu nimeliacha nje," Tetsurō alisema kwa sauti ndogo.

Watu walipiga makofi. Bi Orie alikuwa bado ameinama.

"Konokono yuko wapi?"

"Sijawahi kuwa na konokono, Mama." Chinatsu alichomoa waya, akaukunja taratibu. "Nilitaka habari hiyo imfikie Tetsurō kabla ya Jumapili. Ila nilidhani ungejikaza angalau mpaka Alhamisi."

Wewe uliyeifikisha hadithi hii mwisho, mpe mzazi mwenzako naye aisome.